Mapendekezo kwa Wenye Kapu

Viti vya kukodi vilikuwa bado uani Dada alipofungua kompyuta kuwaandikia wenye Kapu. Shangazi alimwona kupitia mlango ulioachwa wazi, akadhani anawajibu watu waliotuma rambirambi, akapita polepole na sinia la vikombe. Angejua kwamba mtoto wa kaka yake, udongo wa kaburi haujakauka, ameandika juu kabisa "Yah: Mapendekezo ya kuboresha programu yenu", angelidondosha sinia.

Kapu ni programu ya kugawana mafaili. Unatia faili kwenye folda huku, linatokea kwenye folda ya mwenzako kule, basi. Dada alikuwa mchora ramani za nyumba. Mdogo wake wa kiume, ambaye hata wateja walimwita Rula kwa wembamba wake na kwa kunyooka kwake, alikuwa mhandisi wa kukokotoa mihimili, nondo na ngazi. Waliishi miji miwili tofauti, safari ya basi ya kutwa nzima, na kazi yao yote ilipita kapuni.

Si kazi peke yake. Hawa wawili tangu utotoni hawakuweza kuombana radhi kwa mdomo. Wakigombana, mmoja alipenyeza kikaratasi chini ya mlango wa mwenzake, kimeandikwa "yaishe", na yakaisha. Walipokuwa watu wazima kikaratasi kilihamia kwenye majina ya mafaili. NYUMBA_YA_MWALIMU_mwisho. NYUMBA_YA_MWALIMU_mwisho_kabisa. NYUMBA_YA_MWALIMU_ukigusa_tena_nakushtaki_kwa_Shangazi. Mteja mmoja aliwahi kutumiwa hilo la tatu kwa bahati mbaya, akacheka mpaka akasahau kulalamika kuhusu choo.

Shangazi naye, kila aliposikia wamekorofishana, alikuwa na lake. "Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Wakipatana, chukua kapu ukavune."

"Kapu tunalo tayari, Shangazi," Rula alimjibu siku moja kwenye simu. "Tutafutie jembe."

Ugomvi wa mwisho uliletwa na ngazi. Siku moja wote wawili walikuwa ndani ya faili lile lile, kila mtu kwenye kompyuta yake, kila mtu akirekebisha lake. Kapu halikuwauliza kitu. Lilijichagulia moja, jingine likalisukuma pembeni na mkia wa tarakimu ndefu ambao hakuna binadamu angeusoma. Fundi wa ujenzi akachukua lile baya. Ngazi ikajengwa, zege likakauka, na mteja, mtu mrefu wa kujivunia, akapanda kuionyesha familia yake, akagonga paji la uso kwenye mhimili mbele ya mke na wakwe.

Ijumaa hiyo Dada alisimama kwenye ile nyumba, mteja ameshika barafu usoni, fundi anatazama viatu vyake, akampigia Rula simu akaiweka sauti ya juu ili wote wasikie.

"Hii ndiyo kazi unayonifanyia? Maisha yako yote wewe ni wa kubebwa tu! Kama hujui kusoma faili, sema!"

Rula hakujitetea. Pumzi yake ilisikika kwenye simu, kisha akasema, "Sawa, Dada," akakata.

Dada alijua si kosa la Rula peke yake. Alijua palepale. Lakini mteja alikuwa anamtazama, na hasira ikishapanda haiulizi njia. Jioni aliichora ngazi upya mwenyewe, akaitia kapuni na jina la kumchoma: NGAZI_SAHIHI_kwa_wasiojua_kusoma. Tiki ya kijani ikawaka: imepokelewa. Vizuri, alisema moyoni, imemfikia.

Na kulikuwa na jambo la dawa. Rula alikuwa na pumu tangu mtoto. Kichupa cha dawa ya kuvuta kilikuwa adimu katika mji wake, kwa hiyo Dada ndiye aliyekuwa akinunua na kumtumia kwa basi kila kinapokaribia kuisha. Cha zamu hii alikuwa ameshakinunua. Alikiacha kwenye droo. Akikitaka, alisema, ataomba.

Jumamosi kimya. Jumapili kimya. Hakuna jina jipya kapuni, hakuna hata kejeli. Jumatatu Dada alianza kuona aibu, na Jumanne asubuhi aibu ikamzidi. Akafunga mlango wa ofisi, akarekodi sauti yake: kwamba kosa ni lao wote, kwamba amemdhalilisha mbele za watu, kwamba dawa ipo na itaondoka na basi la kwanza akisema neno moja tu. Alilia kidogo mwishoni na hakuifuta sehemu hiyo. Akaiita SAUTI_YA_DADA_sikiliza_kwanza, akaitia kapuni. Tiki ya kijani ikawaka.

Imepokelewa. Alikunywa chai yake ikiwa bado moto, mara ya kwanza tangu Ijumaa.

Jumatano simu ya Rula iliita bila kupokelewa, Alhamisi haikuita kabisa. Dada aliweka mafaili mengine, ya kazi tu, na yote yakapata tiki. Bado amenuna, alimwambia Shangazi, lakini yupo, anapokea. Kununa kwa Rula alikujua. Ijumaa mwenye nyumba alikopanga Rula alivunja mlango kwa sababu ya harufu.

Kompyuta ilikuwa mezani inanguruma, Kapu likipokea kila lililotumwa. Daktari alisema pumu, kati ya Jumatatu na Jumatano, zaidi ya hapo hawezi kuapa. Kichupa cha dawa kilikutwa sakafuni, kitupu.

Kwa hiyo lilibaki swali moja, nalo ndilo lililomkalisha Dada kwenye kiti na watu wa msiba bado wako uani. Jumanne ile, mdogo wake alikuwa hai? Aliisikia sauti yake, au alikufa akiwa na neno "kubebwa" tu masikioni?

Aliandika:

"Wenye Kapu, habari za kazi. Nimeitumia programu yenu miaka mingi. Watu wawili wakirekebisha faili moja kwa wakati mmoja, msiwachagulie, waulizeni. Si lenu. Kuhusu tiki ya kijani, neno 'imepokelewa' si kweli. Imepokelewa na nani? Na kompyuta. Kompyuta haina mapafu. Nilikaa siku nne nikitazama tiki zenu nikajua mdogo wangu yu mzima. Wekeni alama mbili, moja ya mashine na moja ya mtu aliyefungua kwa mkono wake. Na jambo dogo, samahani kwa kuwasumbua: jana niliweka picha za mazishi kwa ajili ya jamaa, nikazipa jina refu, hazikwenda na Kapu halikusema neno. Nimefupisha zikaenda. Mkikataa faili, semeni mmekataa."

Jibu lilikuja kabla hajafunika kompyuta. Asante kwa maoni yako! Tunafurahi sana kusikia kutoka kwako! Chini yake kikatuni cha kapu kinachotabasamu. Dada alikitazama kile kikapu na meno yake, akatamani kuwe na mtu wa kumpiga.

Wiki iliyofuata mtu alipiga simu. Alijitambulisha kuwa fundi wa Kapu, sauti ya kijana, mwenye haya.

"Samahani mama, nimesoma ujumbe wako. Pole sana. Nilitaka nikwambie ile tiki ni mimi niliiweka."

"Kwa nini uliiweka hivyo?"

"Watu walikuwa wanalalamika. Wanatuma, hawajui kama imefika, wanakaa na wasiwasi. Tukasema tuwape kitu cha kuwatuliza."

"Nilitulia," Dada alisema. "Nilitulia kabisa, mwanangu."

Kijana akasema watarekebisha mambo yote matatu, hata lile la majina marefu, hilo ni rahisi ataanza nalo. Dada akamuuliza kama toleo jipya litajua ya nyuma.

"Kompyuta yake ipo?"

Ilikuwepo. Ililetwa pamoja na nguo zake, na Dada aliiweka kwenye kiti dirishani. Ilifungwa kwa nenosiri ambalo Rula alikwenda nalo, lakini ukiiwasha Kapu lilijiwasha lenyewe.

"Basi litasoma historia iliyomo humo," kijana alisema. "Kilichofunguliwa na siku kilipofunguliwa. Lakini mama, una hakika unataka?"

Alikuwa na hakika. Shangazi ndiye hakuwa nayo. "Mengine yaache yalivyo," alimwambia, amesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi. "Ukijua amesikia utalia, ukijua hakusikia utalia. Unatafuta kilio kipi?"

"Cha kweli, Shangazi."

Toleo jipya lilikuja mchana, jua limejaa chumbani. Dada aliwasha kompyuta ya Rula, akaketi kwenye yake, akasubiri. Orodha ilitoweka, ikarudi, na kando ya kila jina sasa kulikuwa na jicho dogo. Shangazi alikuja akasimama nyuma yake bila kuitwa.

NGAZI_SAHIHI_kwa_wasiojua_kusoma. Imefunguliwa, Ijumaa.

SAUTI_YA_DADA_sikiliza_kwanza. Haijafunguliwa.

Shangazi alimshika bega. Dada hakulia. Alikuwa amejiandaa kwa hilo, wiki zote hizo alikuwa akijiambia kwamba ndivyo itakavyokuwa, na kusikia unachokijua kuna unafuu wake, hata kikiwa kibaya. Aliushika mkono wa Shangazi, akataka kufunga.

Ndipo chini ya orodha kikatokea kibao cha manjano ambacho hakuwahi kukiona. Faili moja kutoka kwa mwenzako lilikuwa limekataliwa kwa sababu ya urefu wa jina. Sasa linapokelewa. Kando yake tarehe lilipowekwa: Jumamosi, asubuhi yake baada ya simu ile.

Jina lilijitandaza mstari mzima, likakunja, likaendelea kwenye mstari wa pili:

NGAZI_MWISHO_KABISA_nimeangalia_tena_kosa_letu_sote_ila_yule_mrefu_naye_angeinama_hahaha_yaishe_Dada_njoo_kesho_tule_wote_na_ile_dawa_usisahau_imebaki_kidogo

Shangazi alisoma polepole, midomo ikicheza, akafika "yaishe" akasema, "Ah, mtoto wangu," kisha akafika mwisho, akakaa chini sakafuni.

Dada alisoma tena. Jumamosi. Angeliona Jumamosi, Jumapili angekuwa kwenye basi la kwanza na kichupa mkobani. Na yeye Rula aliliweka akasubiri. Hakuona kwamba limekataliwa, kwa sababu Kapu halikusema. Alidhani tu kwamba dada yake amelipata na hajibu. Alipika Jumapili, huenda. Alikaa akisikiliza ngazi za nyumba aliyopanga, kifua kikianza kubana, akisema moyoni maneno yale yale ambayo Dada alikuwa akiyasema upande wa pili: bado amenuna. Hakupiga simu kwa sababu alikuwa ameshaomba. Tangu lini yeye na dada yake waliomba mara mbili? Kikaratasi kilikuwa kimeshapita chini ya mlango.

"Alikuwa ananingoja mimi," Dada alisema. "Shangazi, alikufa akijua nimesoma nikamwacha."

Shangazi, palepale sakafuni, alimshika mguu.

Dada alibofya lile faili. Ngazi ikafunguka, safi, kila kidato na kipimo chake, nafasi ya kichwa ya kumtosha hata yule mteja, na zaidi. Kule dirishani, juu ya kiti, kioo cha kompyuta ya Rula kiliwaka kidogo. Kapu lilikuwa likimjulisha mwenyewe kwamba Dada amelifungua.