Sarafu Iliyokosa Tundu

Shemeji aliiweka bahasha ndogo ya kaki juu ya meza yangu ya saa, na mimi nikajua ndani kuna nini kabla sijaigusa. Miaka sita nilikuwa naomba ile sarafu isirudi mbele ya macho yangu, na sasa imeletwa na mjane.

"Marehemu alisema ikifika siku ya shida niilete kwako," alisema. "Eti wewe ndiye unayejua bei yake."

Marehemu ni mdogo wangu, tumbo moja. Tulimzika miezi minne iliyopita. Ameacha mke, watoto wawili, na vyumba viwili vya kupanga ambavyo mwenye nyumba sasa anaviuza. Shemeji amepewa nafasi ya kwanza ya kununua kwa sababu ni mpangaji asiye na maneno, lakini mwisho ni Jumatatu. Alishauza cherehani moja kati ya mbili zinazomlisha, akakusanya alivyokusanya, na bado alikuwa anapungukiwa milioni tatu kasoro kidogo.

"Nilitaka kuisugua na dawa ya meno ipate sura," alisema. "Nikaona ngoja nikuulize kwanza."

"Umeisugua?"

"Nimesema nilitaka, shemeji."

"Basi usisugue kitu bila kuniuliza. Sarafu ya zamani ukiing'arisha umeiua."

Ndivyo nilivyo, ulimi wangu mkali hata kwa mfiwa. Na siku hiyo ulikuwa mkali zaidi kwa sababu nilikuwa naogopa. Juu ya bahasha kulikuwa na maneno matatu kwa mwandiko wa mdogo wangu: *Mbovu. Kasema Kaka.*

Inabidi nieleze, maana bila hilo mtaniona nimerukwa na akili kutetemeka kwa ajili ya kipande cha chuma. Mimi ni fundi saa. Kibanda changu kiko chini ya ngazi za jengo la maduka, na kwa zaidi ya miaka ishirini nimekuwa mkusanyaji wa sarafu. Tuna kikundi chetu kinachokutana kila Jumamosi alasiri nyuma ya duka la madaftari la Mwalimu, mstaafu anayeandika kila kitu kana kwamba bado kuna mkaguzi anakuja. Yuko Mama Stempu, aliyegonga mihuri posta mpaka kidole chake cha shahada kikawa kigumu kama kwato. Yuko Daktari wa meno, ambaye ana hela na anajua kuzificha. Na mimi wakaniita Jicho, kwa sababu ya lenzi ninayovaa kazini. Jicho akisema nzima, ni nzima. Jicho akisema mbovu, Mwalimu anaandika kwenye daftari, na hapo imekwisha, hainunuliwi kwetu wala miji ya jirani, maana kila mkusanyaji huku hupiga simu kuuliza daftari la Mwalimu linasemaje.

Sarafu yenyewe ni ya senti tano, zile za zamani zenye tundu katikati. Hii ilipita kwenye mashine bila kutobolewa. Ziko chache sana za namna hiyo, na kwa sababu hiyo walaghai huchukua ya kawaida, wakaziba tundu kwa madini ya risasi na kuipaka rangi. Sisi tunaiita iliyozibwa jino. Daktari ndiye aliyeanza utani huo na ukatushika wote. Kuitambua ni rahisi: unailaza bapa juu ya ncha ya kidole kimoja, unaigonga ukingoni kwa penseli. Nzima inaimba, mlio mwembamba unaokwenda mbali. Iliyozibwa inasema "ko" na kunyamaza.

Miaka sita iliyopita mdogo wangu alikuwa na miezi miwili tu kwenye kikundi. Mimi ndiye niliyempeleka. Alinunua kopo la vichele, sarafu ndogondogo, kwa muuza vyuma chakavu, na humo ndani, kati ya misumari na vifungo, ikawemo hiyo. Mimi nilikuwa nimeitafuta maisha yangu yote ya utu uzima. Akanipa mbele ya watu, kicheko kimemjaa mdomoni. "Kaka, hebu itazame."

Nikaitazama. Ilikuwa nzima, hata mtoto angeona. Sitaki kuzunguka mbuyu: wivu ulinikaba. Badala ya kuiweka juu ya ncha ya kidole, niliibana kati ya dole gumba na kidole cha shahada, nikaigonga. Sarafu iliyobanwa haiimbi, iwe nzima namna gani. Ikasema "ko".

"Imezibwa jino," nikasema, na Mwalimu akaandika.

Wiki iliyofuata nilimwambia mdogo wangu aniuzie kwa bei ya soda mbili, eti niwe naitumia kufundishia wageni. Alinitazama kidogo, akatabasamu. "Acha tu, Kaka. Nitakaa na mbovu yangu." Hakuigusia tena mpaka anaingia kaburini. Waliosema kikulacho ki nguoni mwako hawakukosea. Nguoni mwake nilikuwamo mimi.

Sasa Jumamosi ilikuwa kesho, na nilitakiwa kupanga bei.

Kwetu bei haitajwi kwa mdomo. Mwalimu husema bei ya mdomo ina miguu. Muuzaji anaandika bei kwenye karatasi, anaiweka mezani na sarafu juu yake. Watu wanaitazama sarafu kwa zamu. Anayeitaka ndiye anayeinua na kusoma. Ikishainuliwa, bei haipandi wala haishuki. Unachukua au unarudisha. Kwa hiyo hesabu yote unaifanya nyumbani, wewe na roho yako.

Nilikuwa na orodha za minada za miaka ya nyuma. Mwenzake wa mwisho kuuzwa alikuwa na mkwaruzo usoni, akaenda kwa milioni tatu na nusu. Yetu haina mkwaruzo. Toa moja ya tano, fungu la dalali wa mnada, maana baina ya wakusanyaji hakuna wa kumlipa kamisheni. Rudisha kidogo kwa ajili ya ule usafi wa uso. Kila nilipopita nilitokea palepale: milioni tatu. Hesabu haikuwa na tatizo. Tatizo ni kwamba bei hiyo ingesema yenyewe kabla mimi sijafungua mdomo. Hakuna anayeuza mbovu milioni tatu.

Na bei ya pili ilikuwepo, inanikonyeza: elfu tatu. Bei ya kichekesho, ya kitu cha kuonyesha wageni. Daktari angeinunua kwa utani, Jicho angebaki Jicho, na shemeji ningemwambia pole, ndivyo soko lilivyo. Angeniamini. Hilo ndilo lililonitia kichefuchefu, kwamba angeniamini na kunishukuru kwa kujisumbua, kisha Jumatatu aanze kufunga vyombo.

Kumuuzia mtu wa mbali? Angepiga simu kwa Mwalimu. Kuinunua mwenyewe? Kwa hela gani. Nilichana karatasi ya kwanza, ya pili, ya tano. Mke wangu akachungulia begani.

"Unaandika barua ya mapenzi?"

"Niache, mama."

"Haya. Huyo mwenye bahati mwambie akuoshee na mashati."

Sikucheka. Hata usingizi wa siku hiyo ulikuwa wa kuibiaibia.

Jumamosi saa tisa tulikuwa tumekaa wote wanne kwenye viti vya plastiki, katikati ya maboksi ya kalamu. Karatasi ilikuwa mfukoni. Nikapiga moyo konde, nikaiweka karatasi mezani, nikaweka sarafu juu yake.

"Ya marehemu," nikasema. "Naiuza kwa niaba ya mjane."

"Ile mbovu," akasema Mwalimu kwa upole, na upole wake ukanichoma. Mama Stempu akaitazama, akaipisha. Daktari akainama karibu kabisa, kama anavyowainamia wagonjwa.

"Nitachukua, iwe ya kumkumbuka kijana," alisema, akaiinua na kusoma. Akasoma tena. "Jicho, umezidisha sifuri. Sifuri tatu nzima."

Hapo ndipo ningeweza kusema lo, macho yangu yamezeeka, nipe nirekebishe. Neno lilikuwa tayari ulimini. Nilitazama bahasha ya kaki iliyokuwa mbele yangu, na ule mwandiko.

"Sikuzidisha."

Mwalimu alikwishafungua daftari. Alilamba kidole, akafunua, akaweka kidole kwenye mstari. "Hapa, miaka sita. 'Imezibwa jino. Kasema Jicho.'"

"Nilisema uongo," nikasema. "Ni nzima. Nilijua siku ileile."

Nje mtu aliulizia bei ya bahasha na hakujibiwa.

"Ngoja nielewe," akasema Daktari taratibu. "Siku ile ulisema mbovu, tukakuamini. Leo unasema nzima, na wewe ndiye muuzaji. Nimwamini Jicho yupi?"

Hilo ndilo sikulipigia hesabu. Usiku kucha nilikuwa nikiogopa aibu, kumbe aibu ilikuwa nafuu. Neno langu lilikuwa limeiua ile sarafu, na sasa neno langu lilikuwa halina thamani ya kuifufua. Nikaviona vyumba viwili vya shemeji vinakwenda, na mimi nimekiri bure.

"Usimwamini yeyote kati yao," nikasema. "Ipigeni wenyewe. Mimi sitaigusa."

Mama Stempu akanyoosha mkono. Akaichukua kwa ukingo, akailaza juu ya kile kidole chake cha posta, akaomba penseli. Akagonga.

Ikaimba. Ulikuwa mlio mwembamba, safi, ukazunguka juu ya maboksi, ukakaa, ukakaa tena. Akagonga mara ya pili, ikaimba vilevile. Kisha akafikiri, akaibana kati ya dole gumba na kidole cha shahada kama nilivyofanya mimi, akagonga.

"Ko."

Akanitazama muda mrefu. "Ndivyo ulivyomfanyia," alisema. "Mdogo wako."

"Ndivyo."

Daktari alitoa simu. "Nachukua. Nipe namba ya mjane. Hela itakwenda kwake, haitapita kwako." Sikuwa na haki ya kuudhika, na bado niliudhika, kisha nikamtajia namba. Mwalimu akafuta ule mstari kwa rula, mara mbili, akaandika mpya.

"Kuanzia leo hutapima sarafu ya mtu humu ndani," alisema bila kuinua kichwa. "Na zako atazipima mwingine. Unaweza kuendelea kuja, fundi."

Zaidi ya miaka ishirini hakuna aliyewahi kuniita fundi mle ndani.

Nilikwenda moja kwa moja kwa shemeji. Nilitaka kumwambia kabla hajasikia kwa watu, maana njia ya mwongo ni fupi na yangu nilikuwa nimeshairefusha vya kutosha. Nilimkuta mlangoni na simu mkononi, machozi yanamtoka na huku anacheka. Akanishika mikono yote miwili.

"Shemeji, Mungu akulipe. Kumbe alijua alichosema. Kila siku alikuwa akiniambia, Kaka hawezi kututupa."

"Shemeji, ngoja kwanza."

"Kaa, kaa." Alikuwa ameshanivutia kiti karibu na ile cherehani iliyobaki. "Unajua nitaikumbuka ile sarafu? Kila Jumapili alikuwa akiitoa kwenye bahasha na kuiweka juu ya kidole hivi, anaigonga kwa penseli ya mtoto. Inalia vizuri hiyo. Watoto wanakimbia kutoka nje kuja kuisikiliza, na yeye anawaambia, njooni msikie mbovu ya Baba Mkubwa."

Nilishindwa kukaa. Nilibaki nimeshika mgongo wa kiti.

"Miaka yote hiyo?"

"Tangu wiki aliyoipata. Ndiyo maana mimi nilikuwa sielewi." Akafuta macho kwa upande wa kanga, akanitazama kama mtu anayemuuliza mjuzi. "Kwani shemeji, sarafu mbovu huwa inaimba?"

"Haiimbi," nikasema.

Kisha nikavuta kiti, nikakaa mbele yake, nikaanza kumweleza.