Gego la Mama Ivyne

Jino lilimkamata Nasimiyu pale Kenyatta Market, soko la Nairobi, mchana kweupe, akiwa na wenzake watatu juu ya kichwa kimoja. Ndivyo wanavyosuka pale: mteja mmoja, wasusi wanne, kila mmoja na upande wake, mikono inakwenda na midomo inakwenda. Mdomo wa Nasimiyu peke yake ndio uliokuwa umefungwa, wiki ya pili sasa. Gego la chini, upande wa kushoto, lilikuwa limeoza hadi ndani, na kila alipovuta pumzi lilimchoma mpaka sikioni.

Dawa hakumeza hata moja. Binti yake Ivyne alikuwa na miezi minne, na alikuwa hajaonja kitu kingine ila maziwa ya mama. Alizaliwa mdogo hata wauguzi wakamhurumia. Sasa mashavu yamejaa, na Nasimiyu hakuchoka kumwambia kila mteja kwamba mashavu hayo ni kazi ya kifua chake. Mumewe Bramwel alikuwa fundi wa mjengo huko Mountain View, kazi leo ipo, kesho haipo. Maziwa hayakuwahi kukosa hata siku moja. Alijivuna, tena alikuwa na haki.

"Ukimeza dawa, mtoto amemeza," alisema Anti Lornah, mkubwa wa wasusi, aliyelea watoto watano na kwa hiyo, kwa maoni yake, alijua kila kitu. "Weka karafuu tu, Mama Ivyne. Vumilia."

Akaweka karafuu. Akasukutua maji ya chumvi. Akavumilia hadi shavu likavimba na jicho likaanza kufumba, na asubuhi moja akamnyonyesha Ivyne huku machozi yakimdondokea mtoto utosini.

"Hii sasa ing'olewe," Lornah akakubali. "Lakini usiwaambie unanyonyesha, watakurudisha na jino yako. Mtoto wacha tukae na yeye hapa."

Wengine wakaitikia kwa vichwa. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kurudishwa. Kila mmoja alikuwa amesikia kwa mwenzake, na hiyo ilitosha.

Kliniki ilikuwa mjini, ghorofa ya tatu, juu ya maduka ya viatu. Nasimiyu alijifunga leso kifuani kwa nguvu, chini ya sweta, maziwa yasije yakamsaliti. Daktari Rachael, mwanamke mwenye sauti ya chini, alishika kalamu.

"Uko na presha, mama? Sukari? Mimba?"

"Hapana."

"Unanyonyesha?"

Leso ilikuwa imeanza kulowa.

"Hapana."

Ganzi, koleo, na gego likatoka. Akashonwa, akapewa vidonge vya siku saba na siku ya kurudi kutolewa nyuzi. Akashuka ngazi akitema damu kwenye kitambaa, akijiona mjanja.

Ujanja huo ndio uliomponza. Kwa kuwa alikuwa amekana, hakuweza kumuuliza daktari amnyonyeshe mtoto lini. Akamuuliza Lornah.

"Wacha sumu ya sindano iishe kwanza, na hizo dawa. Siku saba. Na usikamue, utaita maziwa mengine."

Siku saba nzima! Na hapo sokoni pote hapakuwa na mtu wa kupiga kelele kwamba si kweli.

Bramwel akanunua maziwa ya kopo. Ivyne akaikataa chupa siku mbili, akalia mpaka sauti ikakauka, akitafuta kifua cha mama juu ya nguo. Nasimiyu akampa mgongo. Hilo lilimuuma kuliko gego. Matiti yakawa magumu, yakampa homa, akayawekea majani ya kabeji kama alivyoelekezwa. Siku ya tano yakalainika, na Ivyne akaizoea chupa.

Siku ya nane, vidonge vimekwisha, Nasimiyu alifungua vifungo kwa haraka na furaha. Mtoto akavuta mara tatu, akaachia, akalia. Akambadilisha upande. Huko nako hakukuwa na kitu.

Siku ya nyuzi ilipofika alikwenda kliniki na mtoto mgongoni, hakuwa na sababu ya kumficha tena.

"Huyu ni wako?" Daktari Rachael aliweka mkasi chini. "Na si nilikuuliza?"

"Niliogopa utanirudisha na jino, daktari."

"Nikurudishe kwa nini, mama? Hiyo ganzi na hizo dawa nilikupa, wamama wanaonyonyesha tunawapa kila siku. Ungefika tu nyumbani umnyonyeshe, jioni hiyo hiyo."

Ulimi wa Nasimiyu ulikwenda wenyewe penye pengo, ukakaa hapo.

Daktari alivuta kadi yake, akatafuta mstari ule wa siku ile.

"Haya, wacha nirekebishe hapa. Unanyonyesha, si ndiyo?"

Nasimiyu alimtazama Ivyne, aliyekuwa sasa mapajani, ametulia na chupa yake mdomoni.

"Hapana," alisema, na safari hii hakudanganya.