Punguzo la Muriuki na Mimba ya Mama Emerance

Muriuki hakuwa bahili. Jerotich, mkewe, alituambia hivyo kila tulipowatembelea, huku akimtazama mumewe kwa jicho lililosema mengine. Muriuki alikuwa mtu wa ofisini, huko Parramatta, Sydney, shati limenyooshwa hata siku za joto. Lakini jioni aliweza kuzunguka supamaketi nusu saa nzima akingoja mhudumu abandike karatasi ya njano ya bei mpya kwenye mkate. Mkate ukifika nyumbani kwao Doonside, sisi wageni tulilishwa pamoja na historia yake.

Mwaka 2014 Jerotich akapata mimba yao ya kwanza. Mwezi wa Agosti, tumbo limeshaanza kumtangulia mlangoni, wakaenda kwenye duka moja kubwa la vitu vya watoto. Msichana wa dukani akawaeleza habari ya rejista. Mnaandikisha jina la mama na tarehe ya kujifungua, akasema, mnachagua vitu mnavyotaka, na marafiki wakitaka kuwapa zawadi wananunua kutoka kwenye orodha hiyo. Zikibaki wiki nane kabla ya tarehe, vitu ambavyo hakuna aliyewanunulia mtauziwa nyinyi wenyewe, kwa punguzo la asilimia kumi na tano.

"Vyote vitakavyobaki?" Muriuki akauliza.

"Vyote."

Jerotich anasema uso wa mumewe ulibadilika kama wa mtu aliyeokoka.

Ila kulikuwa na masharti. Mama mmoja, risiti moja, na risiti isizidi dola elfu moja. Pram peke yake, ile gari ya kumsukumia mtoto waliyoichagua, ilikaribia mia tisa. Kitanda cha mtoto na kiti cha gari vikabaki nje.

"Kitanda tutafute cha mitumba," Jerotich akasema kwenye treni wakirudi. "Mtoto hajui kusoma bei."

"Mtoto wangu wa kwanza atalala kwenye kitanda kipya," Muriuki akajibu. "Kwa bei ya mitumba."

Mpaka Doonside alikuwa akihesabu kwa vidole. Jerotich akajua kuna jambo linapikwa.

Chini yao, katika jengo lile lile, alikaa Mama Emerance. Jina lake ni Fébronie, Mrundi, mjane wa miaka hamsini na miwili, aliyekaa katika kambi ya wakimbizi Kigoma miaka kumi na mitatu kabla ya kuletwa Sydney pamoja na bintiye, Emerance. Alifanya kazi ya kufua nguo katika makao ya wazee ambako Jerotich alikuwa nesi. Na kanisani tuliimba naye kwaya, yeye sauti ya kwanza, mimi Wilkister sauti ya pili, tena nikijitahidi.

Jioni ile ile Muriuki akashuka ngazi.

"Mama Emerance, nahitaji jina lako tu."

"Jina langu la nini?"

"La kuandika kwenye rejista ya duka. Ili tupate punguzo la kitanda."

"Kitanda mimi niko nacho."

"Kitanda cha mtoto."

"Mtoto yupi?"

"Wetu. Lakini kwenye karatasi awe wako. Wiki chache tu."

Mama Emerance alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kitenge. Alimpenda Jerotich kama binti yake, na hakuona ubaya wa kusaidia. "Bon," akasema, yaani haya. "Niandike. Lakini mwanangu, huyo mtoto wa karatasi akilia usiku, wa kumbembeleza ni wewe."

Muriuki akaandika pale pale kwenye simu yake. Tarehe ya kujifungua akaweka ya Jerotich, kumi na nne Novemba. Anwani akaweka ya Mama Emerance, asije akashtukiwa kwamba mlango mmoja una mimba mbili. Akapanda ngazi akipiga mluzi.

Kitu ambacho Muriuki hakukisoma, kwa kuwa kiliandikwa kwa herufi ndogo, ni kwamba kila mama aliyejiandikisha angetumiwa mfuko wa zawadi nyumbani.

Mfuko ulifika mwanzoni mwa Septemba, Mama Emerance akiwa kazini. Ndani mlikuwa na nepi nne, tyubu ya mafuta ya chuchu, soksi ndogo kama vidole gumba, na kadi. Emerance ndiye aliyeufungua. Alikuwa na miaka kumi na mitano, na barua zote za Kiingereza za nyumba ile, za kodi, za umeme, za serikali, alizisoma yeye tangu akiwa mdogo. Kadi ilisema: Hongera, Fébronie! Zimebaki wiki kumi tu!

Mama yake ni mwanamke mnene, wa kuvaa magauni mapana. Emerance akafikiri. Akakumbuka kwamba mama amekuwa akichoka. Hakuthubutu kumuuliza. Alichukua kadi akampelekea Kawira, mke wa mchungaji wetu, akamuuliza kwa Kiingereza, maana mambo ya namna hiyo hakuwa na Kiswahili chake: "Auntie, can you have a baby at fifty-two?" Yaani, mtu aweza kupata mtoto akiwa na miaka hamsini na miwili?

Kawira aliapa kutomwambia mtu. Akatuambia watatu tu, kwa ajili ya maombi. Mimi nilikuwa wa tatu. Na mimi sikumwambia yeyote, ila wale niliojua wataomba kwa bidii.

Jumapili iliyofuata Mama Emerance alipoingia, wanawake wawili waliinuka kumpisha kiti. Alipochukua ufagio baada ya ibada, ulinyang'anywa mkononi. Kiongozi wa kwaya akamwambia anaweza kuimba akiwa amekaa. Mimi nilimletea uji wa wimbi kwenye chupa ya chai.

"Kumbe mumeanza kuheshimu wazee," akasema, ameridhika kabisa. Akanywa uji, akaomba tuongeze sukari.

Tukatazamana. Hamu ya sukari!

Basi, swali lililobaki lilikuwa moja: baba ni nani? Hapo ndipo macho yalipomwangukia mzee Omollo. Mzee Omollo alikuwa dereva wa basi, mtu mrefu mpole aliyefiwa na mkewe miaka sita nyuma. Tangu baridi ianze alikuwa akimrudisha Mama Emerance kwa gari kila Alhamisi baada ya mazoezi ya kwaya, ingawa yeye aliishi Fairfield, upande mwingine kabisa. Zamani tuliuona kuwa ni wema. Sasa tukaona kwamba ni mzunguko mkubwa sana kwa wema.

Mchungaji Mbuvi akamwita ofisini. Nasikia alimuuliza kwa upole, akianzia mbali, kwenye kitabu cha Mwanzo, hivi kwamba mzee Omollo alichukua dakika ishirini kuelewa anaulizwa nini. Alipoelewa aliinuka, akavaa kofia, akaendesha moja kwa moja hadi Doonside. Yaliyofuata Mama Emerance alitusimulia mwenyewe, kwa sauti mbili, yake na ya Omollo.

"Mama Emerance, nimeitwa na mchungaji."

"Kuna nini?"

"Ameniuliza kama ni mimi."

"Wewe ni nini?"

"Baba."

"Baba wa nani?"

Mzee Omollo akavua kofia, akaielekeza kwenye tumbo la Mama Emerance, kwa heshima.

Mama Emerance akainama kulitazama. "Hii?" akasema. "Hii ni ugali na miaka!"

Halafu akaelewa. Viti, ufagio, uji, vyote vikamjia kwa mpigo. Akazima jiko, akampita mzee Omollo mlangoni, akapanda ngazi kwa kasi ambayo hakuna mjamzito angeiweza.

"Muriuki! Mtoto wako wa karatasi amenipatia mume!"

Alipomaliza kueleza, Jerotich alikuwa ameshikilia ukuta kwa kicheko, mkono mwingine chini ya tumbo. Muriuki hakucheka. Rangi ilikuwa imemwisha.

"Nitampigia mchungaji simu sasa hivi," akasema.

"Hapana. Simu ni ya watu wawili. Habari yangu iko kwa watu sitini. Utasimama Jumapili."

"Nitasimama. Lakini rejista, Mama Emerance... punguzo linafunguliwa Ijumaa. Zimebaki siku tatu. Tungengoja tu Ijumaa ipite, halafu..."

Jerotich akaacha kucheka. "Muriuki," akasema. Jina tu.

Muriuki akatoa simu. Mbele yao wote watatu, maana mzee Omollo alikuwa ameshafika ngazini akihema, akaifuta rejista ya pili. Jerotich anasema alikibonyeza kile kitufe kama mtu anayeng'olewa jino.

Jumapili tulikutana saa nane mchana kama kawaida, katika ukumbi wa shule tuliokuwa tukiukodi. Wakati wa matangazo Muriuki akaenda mbele. Alisema yote, kuanzia duka hadi rejista ya pili. Hakujitetea. "Nilidanganya duka," akamalizia, "na uongo wangu nikamvisha mama wa watu, mjane, na mzee aliyemtendea wema. Mama Emerance, mzee Omollo, nisameheni."

Mimi nilikuwa nikivichunguza viatu vyangu.

Ndipo Chepngetich, aliyekuwa akitarajia kujifungua Januari, akainua mkono kutoka nyuma. "Samahani, ndugu Muriuki. Hiyo asilimia kumi na tano ni ya kila kitu, ama pram peke yake?"

Watu waliangua kicheko. Mchungaji Mbuvi alijaribu kukunja uso, lakini mabega yake yalimsaliti. Kelele zilipotulia akasema, "Muriuki amesimama. Sasa na wale walioisambaza habari hii wasimame."

Hakuna aliyetikisika kwanza. Kisha Kawira, mkewe mwenyewe, akainuka. Nikainuka mimi. Tukatazama nyuma: nusu ya ukumbi ilikuwa imesimama, na wanaume wasiopungua kumi, wale wanaosema umbeya ni wa wanawake.

Mama Emerance alitukagua safu kwa safu. "Nimewasamehe," akasema. "Uji ulikuwa muzuri. Musiache."

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Emerance hakuwa ukumbini mwisho wa ibada. Alitoka Muriuki alipoanza kusema, akarudi nyumbani peke yake. Mama yake alimkuta ameketi kitandani. Makochi ya sebuleni yalikuwa yamesogezwa kuacha nafasi ya kitanda kidogo ukutani, na mama hakuwa ameligundua hilo kwa siku kadhaa. Akafungua kabati la binti yake. Droo mbili za chini zilikuwa zimeondolewa nguo na kufutwa vumbi. Nguo za Emerance zilikuwa kwenye mifuko ya plastiki chini ya kitanda. Ndani ya droo ya juu kati ya zile mbili kulikuwa na nepi nne zimepangwa, soksi ndogo juu yake, na karatasi ya ratiba: siku gani angeweza kuwahi kutoka shule, siku gani mama angekuwa kazini. Na alikuwa ameshamwambia mwalimu wake kwamba anaacha netiboli.

"Kwa nini hukuniuliza?" mama akasema.

Emerance kila siku anaelewa Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza. Siku ile alijibu kwa Kiswahili, polepole, akitafuta maneno. "Niliona aibu. Halafu aibu ikaisha. Halafu nikaanza kumngoja."

Mama Emerance alipofika hapo katika kusimulia, ile sauti yake ya kwanza ilimwisha. Alisema tu kwamba walikaa kitandani mpaka giza likaingia, na kwamba alimweleza binti yake mambo ya kambini ambayo hakuwahi kumwambia, ya ndugu mdogo wa Emerance aliyezaliwa kule na kuishi wiki mbili. Tulikuwa tumeketi kwenye ngazi za ukumbi, Alhamisi, kabla ya mazoezi.

Emerance alirudi kwenye netiboli. Muriuki alipata punguzo lake la halali kwenye pram, na kitanda akakinunua kwa bei kamili. Jerotich aliibandika risiti kwenye mlango wa friji na kuwaonyesha wageni kama picha ya harusi. Mtoto alizaliwa tarehe kumi na moja Novemba, msichana, akaitwa Wanjira, jina la mama yake Muriuki. Mtu wa kwanza kumshika baada ya wazazi alikuwa Emerance, akiwa bado na sketi ya shule, na walilazimika kumwomba mara tatu ndipo amrudishe.

Na mzee Omollo? Wengi huniuliza. Aliendelea kumrudisha Mama Emerance kila Alhamisi, ila sasa mbele ya watu wote, akipiga honi. Mwaka uliofuata akamwomba wafunge ndoa. Mama Emerance akakataa. Akaomba tena, akaambiwa kwamba yeye ana haraka ya kijana na magoti ya mzee. Mara ya tatu akaambiwa angoje Emerance amalize shule. Akangoja.

Wakaoana Aprili 2017, Jumamosi. Sote tulikuwa tumeketi saa nne asubuhi, bibi harusi yuko mlangoni, na bwana harusi hayupo. Reli ilikuwa kwenye matengenezo wikendi ile, kampuni imeomba madereva wa mabasi ya kusafirisha abiria wa treni, na mzee Omollo hakuweza kuikataa zamu ya alfajiri yenye malipo maradufu. Alifika saa tano kasorobo, akikimbia, amevaa koti la suti juu na suruali ya kazi chini.

Mama Emerance alimtazama kuanzia juu hadi chini. "Bon," akasema, akamshika mkono. "Twende kabla hujapewa zamu nyingine."