Jina la Tatu

Dada yangu aliuimba ule wimbo mara kumi na tisa ndani ya kabati la nguo, maana kabati ndilo lilikuwa studio. Jasho linamtoka, magauni ya mama yanamgusa pua, mimi nje na kompyuta namwambia rudia. Alitaka kitu kimoja tu, jina lake litokee pale juu ya wimbo. Chuo cha muziki kilimwambia aje kwenye usaili na kazi moja iliyotoka kwa jina lake.

Sasa kupanga majina si mchezo. Mimi nimemaliza shule juzi, sijulikani. Nyundo ni didjei, bila yeye hakuna ukumbi ungepiga kitu changu. Tuligombana siku mbili nani atangulie, mwisho tukaweka alama ya x katikati ya majina yetu, ngoma droo. Nikamwambia basi tuongeze "ft", yaani tumemshirikisha, halafu jina la dada. Akaniangalia kama nimemtemea mate.

"Majina matatu? Huo wimbo au daftari la mahudhurio? Mbona kinanda hujakiandika?"

Nikacheka. Kusema kweli ilichekesha. Dada nikamwambia fomu ya kupandisha wimbo mtandaoni ilikuwa na nafasi mbili tu za majina, akaamini.

Wimbo ukashika. Redioni wakamuuliza Nyundo ile sauti ya nani, akasema kaitengeneza mwenyewe kwa kompyuta. Wakamwita fundi. Nilikuwa pembeni yake, nikaitikia kwa kichwa.

Siku ya usaili dada akaimba huo huo. Saa nne asubuhi akanipigia, niko kwa Nyundo tunapanga kitu kipya, simu nimeiweka sauti ya nje. Akasema walimu wanadai anaiga mashine, wametafuta wimbo, yeye hayumo.

"Mdogo wangu, waambie tu. Wanakusikia."

Nyundo alisogeza mshale kwenye skrini mpaka kwenye jina langu juu ya wimbo mpya, akauacha hapo, kidole juu ya kitufe cha kufuta.

"Ile ni kompyuta," nikasema. "Dada anaupenda tu, anauimba hata akifua."

Kule mtu akacheka. Dada akasema asante mdogo wangu, kwa adabu kabisa, kama vile nimemsaidia. Akakata.

Nyundo akasema turudi kwenye besi, imezidi. Kweli ilikuwa imezidi. Tukaipunguza.