Hongwe Hahesabiwi

Asubuhi hiyo fundi cherehani alifunga duka bila kumuaga mteja hata mmoja, akatia mkasi mfukoni kwa mazoea, akaenda ufukweni kupigania fimbo ya baba yake. Kupigania, ndiyo. Vitu vya marehemu viligawanywa kwa amani. Hata ndala zake kuukuu, zilizoliwa na panya kisiginoni, zilibaki kwa mama bila ubishi. Lakini ile fimbo ya kuvulia iliwafanya dada na kaka wa tumbo moja wasisalimiane wiki nzima. Kaka yake, kinyozi, alitaka kuitundika ukutani juu ya kioo ili wateja waione. Kuitundika! Fimbo iliyowalisha utoto wao wote! Fundi akiwaza hivyo tu, damu ilimchemka.

Mama yao ndiye aliyekata shauri. "Nendeni mkavue, kila mtu na mshipi wake wa mkono. Atakayetoa samaki wa kwanza kabla maji hayajaliacha lile jiwe jeusi, fimbo ni yake. Na sheria ya baba yenu mnaijua: hongwe hahesabiwi."

Hongwe, kama hujakutana naye, ni kambare wa baharini: masharubu marefu, utelezi mtupu, na miiba mitatu inayoweza kukulaza na homa. Marehemu hakutaka hata kumsikia.

Basi mama akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, fimbo magotini, na mashindano yakaanza. Fundi akavuta hongwe. Kinyozi akavuta hongwe. Fundi akavuta mwingine, mzito huyo, akapiga kelele "Huyo! Huyo!" mpaka masharubu yakachungulia kwenye povu.

"Mlete dukani nimnyoe, mdogo wangu!" kinyozi alicheka mpaka akashika mbavu.

"Cheka tu, kaka," fundi alijibu, akimchomoa ndoana kwa koleo, vidole mbali na miiba.

Kinyozi alikuwa na elimu yake. Chambo chake alikiozesha siku tatu kwenye kopo, kikanuka hadi mama akajiziba pua. "Samaki huvutwa na harufu," alisema, kifua mbele. Wakavutwa kweli, hongwe tupu, mpaka wakafika sita, na mmoja akamchoma kidole. Akaruka na mguu mmoja akiita mama, mtu mzima mwenye mvi.

Maji nayo yalikuwa yakikimbia. Jiwe jeusi lilishatoka nusu. Fundi akasimama akajiuliza: kwa nini kila hongwe anatoka na mchanga mdomoni? Kwa sababu anakula chini! Anapapasa kwa masharubu, na chubwi, ile risasi nzito mshipini, linamshushia chambo palepale. Sisi wenyewe tunamtengea meza! Chambo kingeelea kidogo tu, asingekiona. Lakini kielee kwa kitu gani?

Wimbi likapanda, likanyanyua ndala yake aliyoiacha mchangani, likaanza kuichezesha juu ya maji.

Weee! Aliirukia kwa mikono miwili. Kisha akatoa mkasi.

Sasa nisikilizeni. Mkasi wa nguo wa yule fundi haukati karatasi. Haukati waya, haukati kucha. Mumewe aliukatia pakiti ya maziwa siku moja tu, akanuniwa siku nne. Na leo mwenye mkasi akaukandamiza kwenye raba ya ndala, kisiginoni, akatoa kipande cha ukubwa wa kidole gumba.

"Umechanganyikiwa?" kinyozi akauliza, na safari hii hakutania.

Fundi alikifunga kile kipande kwa uzi wa cherehani karibu na ndoana, akatia chambo kibichi cha asubuhi hiyo, akarusha. Chubwi likatua chini, chambo kikabaki kinaelea shubiri mbili juu ya mchanga, masharubu yasikofika.

Akasubiri. Jiwe lilibakiwa na maji ya kifundo cha mguu. Mara mshipi ukanyakuliwa, ukamkata kiganjani, ukakimbilia kulia. Hongwe hakimbii hivyo! Fundi alipiga kelele isiyo na maneno. Kinyozi akasahau ugomvi wote, akaingia majini na suruali yake. "Mpe kidogo! Mpe! Sasa vuta, dada, vuta!"

Akatoka kolekole, mweupe kama sinia jipya, akipiga mkia mchangani. Hana hata sharubu moja. Fundi alimlalia kwa kifua chake chote asirudi majini, akicheka na kulia kwa pamoja.

"Mama, hiyo ndala nayo imo kwenye sheria?" kinyozi akajaribu.

Mama hakuwa anamtazama samaki. Alikuwa ameiokota ile ndala, akipitisha kidole kwenye pengo la kisiginoni, sawa na lile la ndala za marehemu.

"Miaka thelathini nategea panya nyumba ile," alisema polepole. "Thelathini! Na baba yenu ananiangalia naweka mitego, ananyamaza kimya."

Akaangua kicheko, machozi yakamtiririka, akashindwa kuyafuta. Alipopata pumzi akainuka, akamkabidhi fundi fimbo kwa mikono miwili.

Kinyozi akainama, kidole chake kimevimba, akavua ndala yake ya mguu wa kulia, akamnyooshea mdogo wake.

"Mkasi wangu ni wa nguo," alisema fundi, na mkono wake ulikuwa umeshaipokea.