Maji ya Kigogo cha Mwanzi

Nikodemo alikuwa mtu wa mbili mbili. Akitoa majimaji ya tezi ya ng'ombe, alipaka vioo viwili vya hadubini: kimoja cha kupimwa, kingine cha akiba, akakikausha, akakipitisha kwenye spiriti na kukifunga kwa karatasi. Daktari Harwood, mtafiti aliyeletwa Njombe kuchunguza vifo vya ng'ombe, alimcheka msaidizi wake huyo. "Unamwekea nani, Nikodemo?"  Wazazi wake walikuwa wakulima, na mkulima hapandi mbegu yote siku moja.

Kwa miezi minane walitafuta jambo moja tu: je, ndigana, homa ile iletwayo na kupe, imepanda hadi huku kwenye baridi? Dalili yake haina ubishi. Kioo kikitiwa rangi, ndani ya seli za tezi, kando ya kiini, hukaa vidoa vya buluu vidogo kama punje za ulezi. Vikionekana, serikali itajenga josho la kuulia kupe. Visipoonekana, ng'ombe wamekufa kwa ugonjwa mwingine, na josho litapelekwa kwingine.

Nikodemo hakuviona. Vioo mia moja arobaini na vitatu, vyote vyekundu vyekundu, buluu hakuna. Daktari aliilaumu rangi kwamba ilikaa sana melini, kisha akachoka kulaumu akaandika ripoti. Ijumaa ingeshuka na basi la Makambako. Ndani ya bahasha hiyo hiyo mlikuwa na barua ya kumwombea Nikodemo nafasi ya masomo katika chuo cha mifugo cha Mpwapwa. Kijana wa watu, aliyesomea shule ya misheni ya Kidugala kwa kalamu za kuazima, alikwisha kujiona amevaa koti jeupe.

Lakini moyo ulikataa. Mama Zipora wa bondeni alikuwa amepoteza ng'ombe wanne, wote wamevimba tezi chini ya masikio, na kila mara Nikodemo alimwambia, "Si ndigana, mama. Hadubini imesema."

"Basi hadubini yako imwambie huyu wa tano asife," mama alijibu, akaenda zake.

Jumatatu Daktari alimtuma Makambako kupima ng'ombe wa wachuuzi. Kwa ukaidi tu, Nikodemo alitia mkobani, pamoja na rangi na hadubini, vile vioo vinne vya akiba vya Mama Zipora. Alipofika aliomba chumba nyuma ya hoteli, akachota maji ya kisimani, akatia rangi vioo vyote pamoja, vya wachuuzi na vya mama.

Cha kwanza cha wachuuzi kilikuwa na buluu. Hilo halikumshangaza, maana huko ndigana ilijulikana. Akaweka cha Mama Zipora. Buluu. Cha pili, buluu. Alipofika cha nne, nacho buluu, hakuwa na furaha, alikuwa na hofu. Rangi ni ile ile. Spiriti ni ile ile. Mkono ni ule ule. Kilichobadilika ni maji.

Kule Njombe debe la maji lilikuwa likitoa kutu, naye hapendi uchafu. Kwa hiyo maji ya kuchanganyia rangi aliyaweka katika kigogo cha mwanzi alichopewa na mjomba wake, kigogo kilichokinga ulanzi, pombe ya mwanzi, misimu miwili. Alikisugua kwa mchanga na maji ya moto hadi harufu ikaisha, akajisifu. Mlevi yeyote wa Njombe angemwambia kwamba uchachu wa ulanzi hautoki ndani ya mwanzi hata ukiuchemsha. Lakini Nikodemo alikuwa Mlutheri wa kweli, pombe hajaonja, na walevi alikuwa hawaulizi kitu.

Jumanne jioni alirudi, akachovya karatasi ya kupimia uchachu ndani ya kigogo. Ikageuka nyekundu. Uchachu ndio uliokuwa ukifukuza buluu. Hakungoja kesho, akaenda kwa Daktari akamweleza yote akiwa amesimama.

Daktari aliisogeza ripoti kando. "Miezi minane," alisema.

"Ndiyo, Bwana Daktari. Lakini vioo vya akiba vipo. Nipe siku mbili."

"Nitaandika kwamba rangi ilikuwa mbovu. Nikiandika habari ya kigogo, Mpwapwa watauliza nani alikuwa mwangalizi wa maji, na barua yako haina maana tena. Unanielewa?"

Nikodemo alielewa vizuri sana, na iliuma. "Ukisema rangi, Bwana, watabadilisha rangi. Mwenzangu anayepima damu huko Makete ataendelea kuweka maji kwenye mwanzi, maana na yeye debe lake lina kutu. Andika kigogo. Andika na jina langu."

Siku mbili hakulala vya kutosha wala kula vya maana. Alitia rangi vioo vyote vilivyobaki kwa maji ya kisima, akahesabu, Daktari akahesabu nyuma yake. Tisini na kimoja vilikuwa na buluu. Ripoti iliandikwa upya, josho likaombwa kwa ajili ya Njombe, na Ijumaa bahasha ikapanda basi bila ile barua.

Basi lilipoondoka, Nikodemo alishuka bondeni na mkobawe.

"Kamwene, mama."

"Kamwene." Mama Zipora hakumkaribisha ndani.

"Ilikuwa ndigana, mama. Wote wanne. Haikuwa hadubini iliyokosea, nilikosea mimi."

Mama alimtazama toka kichwani hadi miguuni. "Wa tano amekufa alfajiri ya leo."

Nikodemo alitamani ardhi immeze. Machozi yalimjia, hakuyaficha. Kisha akafungua mkoba. "Naomba nimpime."

"Umpime ya nini, na ameshakufa?"

"Ili naye ahesabiwe, mama."

 Mama Zipora alitangulia zizini, akapiga magoti kwenye samadi, akamshikia kichwa ng'ombe wake.