Baba wa Longor

Lochakapong wa Kakuma alikuwa na jina ambalo hakuna mwanaume mwingine Turkana nzima aliyekuwa nalo, na mwanzoni hakulipenda hata kidogo. Wanaume wa rika lake huitwa kwa madume ya ng'ombe wanayoyapenda: huyu ni baba wa yule mweupe, yule ni baba wa yule mwenye madoa. Ng'ombe wa Lochakapong walikwisha wote kwa ukame. Basi Lokiru, rafiki yake wa Lokiriama mwenye ulimi mrefu, akasimama mbele ya watu akamtangaza kuwa ni Apalongor, yaani baba wa Longor. Na Longor alikuwa mbwa.

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Lakini haukupita muda fisi walivamia zizi la Lochakapong, na Longor akawakabili peke yake mlangoni, sikio likining'inia, damu ikimtiririka shingoni, hadi watu wakafika na mikuki. Hakupotea mbuzi hata mmoja. Kuanzia hapo mtu akiita "Apalongor!" Lochakapong aliitika kwa kishindo, kifua mbele, na waliomcheka wakaja mmoja mmoja na majike yao kuomba mbegu. Hakika alivimba kichwa. Nani asingevimba?

Watoto wa Longor wakasambaa. Mmoja alichukuliwa na Pascaline, mama wa Kikongo mwenye duka Kalobeyei. Siku moja mbwa yule alianguka katikati ya duka, povu mdomoni, miguu ikipiga hewa.

"Iko na kifafa, papa," Pascaline alimwambia Lochakapong.

"Imetoa kwa mama yake hiyo," Lochakapong akajibu bila kupepesa macho. "Mbwa ya kula takataka."

Wa pili alianguka malishoni, mbweha wakajichagulia wana-mbuzi huku mlinzi akigaragara mchangani. Lochakapong akasema ni jua.

Kisha akaenda Lodwar kumwona binamu yake Adome. Mbwa wa Adome alikuwa amelelewa kwa maziwa, alilala kivulini, na mama yake alikuwa jike ambalo Lochakapong mwenyewe alilichagua na kulisifia. Mbwa alitoka mbio kumlaki, mkia ukipepea, na kabla hajamrukia akaanguka miguuni pake akitetemeka. Lochakapong alichuchumaa, akamshika kichwa asijigonge. Mama watatu tofauti, baba mmoja. Alitafuta wa kumlaumu, akakosa.

Alirudi Kakuma. Mkewe Nawoi alimwekea uji, akamtazama asivyounywa.

"Ni Longor," Lochakapong akasema hatimaye. "Yeye haanguki, lakini anapea watoto."

"Mimi nilijua tangu ile ya Kalobeyei," Nawoi akasema. "Nilingoja wewe ujue."

Lochakapong alijua alichotakiwa kufanya, na kilimuuma. Longor akiacha kuzalisha, nani atamkumbuka? Na Longor akisahauliwa, Apalongor atakuwa nani, kama si mzee asiye na ng'ombe?

Akiwa bado anajiuliza, Lokiru akatokea. Alikuja na jike zuri la mbwa, la kahawia, tayari kupandwa, na nyuma yake akiswaga dume changa la ng'ombe, jeupe pe pe pe, pembe ndio kwanza zinaanza kujikunja. Majirani wakaacha kazi zao wakasogea.

"Ejok!" Lokiru akasalimia.

"Ejok-nooi!" Lochakapong akaitikia salamu.

"Rafiki yangu, mimi nilikutukana na hiyo jina," Lokiru akasema. Safari hii hakuwa anatania. "Nipe Longor kwa hii jike yangu, wewe chukua hii ng'ombe. Leo utaitwa kama wanaume wengine. Apalokwang. Baba ya ile nyeupe."

Lochakapong alilitazama lile dume. Alilitamani, jamani. Aliweka kiganja juu ya nundu yake, ngozi ikatetemeka chini ya vidole.

Akaondoa mkono.

"Rudisha ng'ombe yako. Longor hapandi tena."

"Amezeeka?"

"Hapana. Watoto yake wanaanguka kifafa. Siku fisi inakuja, mbwa yako italala chini, mbuzi zitaisha."

Minong'ono ikazuka. Lokiru akashusha sauti. "Nani anajua hiyo maneno?"

"Mimi na Nawoi. Sasa na nyinyi wote. Kesho naenda Kalobeyei na Lodwar, niambie wote wenye kuchukua: hizo watoto zisizae. Longor nampeleka kwa daktari ya mifugo ahasiwe."

"Ungenyamaza tu, ungekuwa na ng'ombe."

"Ningekuwa na ng'ombe," Lochakapong akakubali.

Lokiru aliondoka na dume lake. Lochakapong alilisindikiza kwa macho mpaka likavuka lagha, ule mto mkavu, na machozi yakamtoka bila haya. Nawoi alisimama karibu naye, hakumwambia anyamaze.

Alifanya kama alivyosema. Adome alinuna, Pascaline akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Habari zilienea njia nzima, ila hazikufika Kapedo, kwa maana baadaye walikuja vijana wa huko wakiulizia nyumba ya Apalongor. Walitaka mtoto wa yule mbwa.

"Hakuna," Lochakapong akawaambia.

"Tutangoja azae mwingine."

"Hakuna mwingine."

Akapiga mluzi. Longor akaja polepole, sikio moja limechanika, akakaa kando yake. Lochakapong akanyooka, kifua mbele, akawapa vijana nafasi ya kutazama vizuri.

"Ni hii tu," akasema. "Tazameni sana."